Hedifoni za Kufunika

Mtu akikuuliza hedifoni zipi zinafaa kwa gemu, za wazi au za kufunika, mwambie anunue za wazi. Akibisha, usigombane naye. Mimi niliambiwa hivyo hivyo, tena kwa sauti ya chini, nikadhani muuzaji ana lake jambo.

Ilikuwa siku ya soko Ngaramtoni, jioni, wenye viazi wameshaanza kufunga magunia. Nilikwenda na mdogo wangu Ndesanjo. Jua lilishaegemea upande wa Monduli, na Meru ulikuwa umejifunika wingu lake la baridi. Safari ilikuwa ya kawaida kabisa. Hedifoni za Ndesanjo zilikuwa zimekufa sikio moja, basi tulikwenda kutafuta nyingine.

Tulikuwa na chumba cha gemu Kijenge, chumba cha mbele cha nyumba yetu, chenye kompyuta za mtumba. Hiyo ndiyo miaka biashara ilipofunguliwa, makontena yakawa yanashusha kila takataka ya Ulaya, na kila mwenye shemeji Dubai akajiita mfanyabiashara. Mimi Evelyn nikiwemo, sikatai. Vijana walicheza gemu ya vita, na wale wa Lemara walikuwa wakija kushindana na wetu. Ndesanjo ndiye alikuwa tegemeo letu. Katika gemu ile, asiyesikia nyayo za adui nyuma yake amekwisha.

Mimi nilitaka za wazi, zile zenye wavu mgongoni. Sauti yake inatawanyika, unajua kabisa kama mtu anatokea kushoto au nyuma, masikio hayachemki, na zaidi ya yote, mvaaji ukimwita anakusikia. Ndesanjo alitaka za kufunika, zenye vikombe vizito vinavyomeza sikio lote. Ukuta kwa ukuta na sisi kulikuwa na mashine ya kusaga. Alisema mashine ikianza kunguruma, za wazi zinamletea unga wote masikioni. Alisema kweli, na hilo ndilo linaniuma hadi leo.

Niwaambie na habari ya mama yetu, Tekla, maana bila hiyo hamtanielewa. Mama alitulea kwa sheria mbili. Ukiitwa na mkubwa, itika mara moja, mvulana naam, msichana abee, hata kama mkono uko kwenye moto. Sheria ya pili aliitoa kwao Rombo. Giza likianza kuingia, usimwitikie usiyemwona. Kwa hiyo jioni mama hakuita jina la mtu yeyote. Aligonga mfuniko wa sufuria, ko, ko, ko, nasi tukajua chakula kiko tayari. Mimi nilikuwa nikimtania kwamba anatuita kama kuku. Sikuwa na subira na mambo ya kishirikina.

Banda lenyewe lilikuwa la mwisho, karibu na uzio wa mbuzi. Mama mmoja wa makamo alikuwa amekaa nyuma ya turubai, kitenge amejifunga kichwa chote hadi chini ya masikio. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia kwa kutikisa kichwa tu. Mbele yake kulikuwa na pasi, redio mbovu, nyaya, na hedifoni jozi mbili. Moja ya wazi. Moja ya kufunika.

Ndesanjo akaenda moja kwa moja kwenye za kufunika.

"Chukueni hizi za wazi," yule mama akanong'ona.

Nikamuuliza kwa nini.

"Hizo zinafunga."

Nikacheka. Nikamwambia kufunga ndiyo kazi yake, mdogo wangu anatafuta zinazofunga. Ndesanjo alikuwa ameshazivaa kujaribu ukubwa. Waya ulikuwa unaning'inia tu kifuani kwake, haukuchomekwa popote.

"Naam," akasema.

Kisha akageuka kunitazama. "Dada, umeniita?"

Nikamwambia sijamwita. Akatikisa mabega, akasema labda ni kelele za soko.

Lakini kelele za soko zilikuwa zimekwisha...

Yule mama aliweka mkono mdomoni. "Ameitika," akasema, si kwetu. Akaanza kufungua kitenge chake polepole, akafunua sikio moja, halafu la pili. Alisikiliza. Machozi yakamtoka, na alikuwa akitabasamu. Nilipouliza bei, akanisukumia hedifoni kifuani, akainuka, akaondoka akipita kati ya mbuzi. Aliacha pasi, redio na vyote vingine pale pale chini.

Mimi nikafurahi kupata kitu cha bure. Ndivyo nilivyokuwa.

Siku zilizofuata Ndesanjo hakushikika. Alisema ndani ya zile hedifoni dunia inanyamaza, anasikia hata adui akipumua. Aliwapiga vijana wa Lemara hadi wakasema anawaibia. Mara kwa mara nilimsikia akisema naam katikati ya mchezo, nikadhani anajibizana na wenzake. Kitu kimoja tu kilinisumbua. Kila akizivua, zilitoa harufu ya jivu lililomwagiwa maji, kama jiko la mtu aliyehama. Nilizifuta kwa sabuni, harufu ikabaki.

Jioni moja umeme ulikatika.

Kioo cha kompyuta kikawa cheusi. Mashine ya kusaga ikalegea, ikalia mara ya mwisho, ikanyamaza. Vijana waliguna, wakavua hedifoni zao, wakatoka nje kwa makelele. Ndesanjo alibaki amekaa vile vile, uso kwenye kioo cheusi, mikono mapajani.

Uani mama akagonga mfuniko.

Ko, ko, ko.

Ndesanjo hakugeuka.

Mama akagonga tena. Nilimsogelea, nikainua kikombe kimoja kidogo, nikaweka sikio langu karibu. Umeme hakuna. Kompyuta imekufa. Lakini mle ndani kulikuwa na nyayo. Hazikuwa buti za gemu. Zilikuwa nyayo za mtu asiye na viatu, juu ya majani yaliyolowa... zinakuja, hazina haraka.

Zikasimama.

Halafu nikamsikia baba yetu, aliyekuwa kaburini tangu Ndesanjo akiwa mdogo. Aliita jina la mwanawe kwa ile namna yake ya kulivuta mwishoni.

"Naam, baba," Ndesanjo akasema. "Nakuja."

Akazivua mwenyewe, akaziweka mezani kwa adabu. Nilimwita. Hakuitika. Nikamwita tena nikimtikisa mabega, akanitazama vizuri tu, macho mazima, hayana mtu ndani.

Hospitali walisema masikio hayana kasoro na ulimi hauna kasoro. Padri alikuja akatuombea, akaondoka mnyonge kuliko sisi. Ukimpa Ndesanjo chakula anakula, ukimshika mkono anatembea. Mtoto aliyefundishwa kuitika mara moja alikuwa haitiki tena. Mama alimkalisha kwenye kigoda uani karibu na jiko, akawa anamlisha huku akimsimulia habari za siku nzima. Alikuwa na hakika atapona.

Mimi nilijua hatapona. Jioni iliyofuata nilikuwa nafunga madirisha ya chumba cha gemu, nikasikia sauti juu ya meza. Ndogo. Inatoka kwenye vile vikombe viwili vilivyolala chali.

"Mama..."

Ilikuwa sauti ya Ndesanjo. Na Ndesanjo nilikuwa namwona kupitia mlango, yuko kigodani, mdomo umefungwa.

Nilizifunika kwa mto. Nikaongeza blanketi. Sauti ikapenya. Nikachukua mafuta ya taa na kiberiti, nikazipeleka nyuma ya nyumba, nikazimwagia. Nilikuwa nimeshawasha njiti.

"Dada," akasema. "Usinichome."

Njiti ikaniunguza vidole. Niliketi chini kwenye matope, nikazifuta kwa kanga yangu, nikalia kama mtoto mdogo.

Nilirudi Ngaramtoni kumtafuta yule mama. Pale penye turubai hapakuwa na mtu. Jirani yake muuza kamba, mzee mmoja aitwaye Loishiye, alinisikiliza bila kuacha kusokota. Alisema yule mama alikuwa na binti mmoja, binti akanyamaza ghafla, asiongee na mtu. Kila jioni mama yake alikuwa akivaa hayo madude kichwani, waya umening'inia, mdomo ameubana. Alikuwa akisema zikiwa kichwani sauti haitoki nje, anaisikia mvaaji peke yake. Usipomwitikia huyo anayeita, hakupati. Ukitaka zikuondokee, sharti aitikie mtu mwingine.

Nikamuuliza kama binti yake sasa anaongea.

Loishiye alikata kamba kwa kisu, akafunga fundo.

"Binti tulimzika wiki ile ile," akasema. "Aliyepumzika ni mama yake."

Nilikuwa na chumba kizima cha vijana wa watu, kila mmoja angezipokea hedifoni zile kwa mikono miwili. Nililifikiria hilo njia nzima. Nilipofika nyumbani nilifunga chumba cha gemu, na sikukifungua tena.

Tangu hapo nikawa nazivaa kila jioni. Jua likianza kushuka, nilimwambia mama nakwenda kusikiliza redio, nikakaa chumba cha mbele, nikabana pindo la kanga kati ya meno, nikazivaa. Vikombe vikameza masikio yangu. Uani, jiko, kikohozi cha mama, vyote vikazimika.

Halafu Ndesanjo akaja.

Alikuwa akiniambia kuna baridi. Alisema yule aliyemwita si baba. Alisema kuna nyayo nyuma yake na hawezi kujua ziko upande gani, maana huko aliko kila sauti inatokea katikati ya kichwa. "Kumefunga kote, dada," alikuwa akisema. "Niitikie tu nijue uko wapi. Mara moja tu."

Nilitafuna kanga hadi ikatoboka. Nilimpenda mno mdogo wangu, mnielewe. Nilimlea mgongoni. Neno moja tu, abee, lilikuwa linanipanda kooni kila jioni, nalimeza. Nilivumilia kwa sababu ya mama. Nilijua akiisikia ile sauti hata siku moja, Rombo yote na sheria zake haitamzuia.

Jioni ya mwisho kulikuwa na manyunyu. Nilizivaa, nikabana kanga, nikasubiri.

Kimya.

Hakuna nyayo. Hakuna baridi, hakuna dada. Nilisubiri hadi dirisha likaanza kuwa jeusi. Kimya tu, safi, kile kile alichokuwa akikisifia Ndesanjo. Moyo wangu ukafunguka. Nikasema moyoni, amepumzika. Nikakaa mle ndani ya kimya nikishukuru Mungu, nikilia, na nilikaa kuliko ilivyohitajika kwa sababu kilikuwa kitamu.

Kisha nikainua kikombe kimoja.

"Mama."

Ilikuwa sauti ya Ndesanjo, nje, imetoka humo nikiwa nimezivaa. Ilitawanyika vizuri, nikajua kabisa inakotokea, kushoto, upande wa geti.

Nilikimbia na waya ukinifuata sakafuni. Ndesanjo alikuwa kigodani, mdomo umefungwa, mvua inamlowesha. Mama alikuwa amesimama katikati ya uani, mfuniko wa sufuria mkononi, ameukunjua uso wote kuelekea gizani. Sikumwona akiwa na furaha namna ile tangu baba alipokuwa hai. Nilifungua mdomo kumzuia, kanga ikanikaba.

"Abee, mwanangu," mama akasema. "Nakuja."

Mfuniko ukaanguka.

Sasa wako wawili uani, naweka vigoda karibu karibu ili niwalishe pamoja. Majirani wanasema ni ugonjwa wa ukoo, wameacha kuja. Jioni nazivaa, sina wa kumlinda tena, ila siwezi kuwaacha wazungumze na meza tupu. Ndesanjo yuko sikio la kushoto. Anasema baridi imezidi.

Mama hakusema kitu kwa siku nyingi. Nilijua yuko, kwa sababu nilisikia akipumua kwenye sikio la kulia. Nilijiandaa aniite, nikajiapiza kwamba jina langu sitaliitikia, hata akililia.

Jana akaanza. Hakuniita jina.

Aligonga mfuniko.