Plaizi Tatu na Mkono wa Burkhard

Sisi ni watu wa bustani. Nyumba yetu iko ghorofa ya tatu, mjini Remscheid, mji wa viwanda vya zana hapa Ujerumani. Lakini kuanzia Aprili hadi Oktoba utatukuta kwenye kipande cha ardhi tulichokodi kwa chama cha bustani nyuma ya reli, pamoja na majirani wengine wenye vipande kama chetu. Tunalima viazi, maharagwe na maua. Jumapili tunakunywa kahawa kibarazani. Mume wangu, Burkhard Halbach, hulalamika kuhusu konokono, nami hulalamika kuhusu Burkhard. Tumeishi hivyo miaka ishirini na saba.

Baridi ikianza, maji ya bustani zote hufungwa. Kila mtu hufungua mita yake ya maji na kwenda nayo nyumbani, isije ikapasuliwa na barafu. Mwezi wa Aprili kila mtu huirudisha mwenyewe na kukaza nati zake. Kisha Detmar, msimamizi wetu wa maji, huyafungulia maji na kukagua bustani moja moja. Mita yako ikivuja, unakatiwa maji. Fundi haitwi, na kumwomba jirani akukazie ni aibu kubwa. Kwetu ndivyo ilivyo.

Mwaka jana Burkhard alipata kiharusi kidogo. Mguu ulipona. Mdomo nao ulipona, tena vizuri mno. Mkono wa kulia tu ndio uliobaki dhaifu.

Alhamisi, siku mbili kabla ya maji kufunguliwa, alikwenda kufunga mita. Mimi nilikuwa napanda vitunguu. Nikasikia chuma kikigonga chuma, kisha tusi. Nilipofika, vidole vyake vilikuwa vinatoka damu. Plaizi ilikuwa imeteleza, na nati ya shaba ilikuwa imetafunwa pembe zote.

"Basi, Gerlinde," akasema. "Mwambie Detmar bustani tunairudisha. Wapo wanaoisubiri."

"Kwa ajili ya nati moja?"

"Kwa ajili ya mkono huu. Mtu asiyeweza kukaza mita yake anatafuta nini bustanini?"

Niliitazama ile plaizi. Aliinunua wakati wa baridi kwenye duka la vyakula, kwenye rafu iliyo kati ya soksi na chakula cha paka. Ziliuzwa tatu pamoja kwa bei ya chini, ndani ya kisanduku kimoja cha plastiki.

"Labda kosa ni la plaizi," nikasema.

"Mchagua jembe si mkulima," akanijibu, akaanza kukunja viti vya kibarazani.

Methali hiyo nimeisikia tangu utotoni, na huwa naikubali. Siku ile ilinichoma moyo. Alivikunja viti kimoja kimoja, akavipanga ukutani kama mpangaji anayehama. Nilikwenda nyuma ya banda nikalia. Nilipomaliza kulia, nilinawa uso nikaenda kwa Tilda.

Tilda Ueberholz ana bustani ya tatu kutoka kwetu. Alifanya kazi miaka ishirini na sita kwenye kiwanda cha plaizi, chumba cha ukaguzi. Kazi yake ilikuwa kuzijaribu plaizi na kuamua ipi itoke na ipi irudi motoni. Ni mwanamke mfupi, na maneno yake mafupi vilevile.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua plaizi mbili, tupa kuukuu na kipande cha bomba. Kabla hatujatoka alizifunga plasta kwenye mipini.

Burkhard alipoziona akacheka kwa uchungu. "Mama Tilda, mbona plaizi zako zina vidonda kama mimi?"

"Nimeficha majina ya viwanda. Nawajua watu wa mji huu. Mkiona jina la kiwanda alichofanya kazi babu yenu, mnakuwa vipofu. Lete na yako."

Akaifunga plasta nayo. Sasa zilikuwa tatu mezani, hazina majina.

"Plaizi ya aina hii mdomo wake unapanuka na kupungua," Tilda akasema. "Kwa hiyo kwanza tazama pale inapoungana. Zitikise."

Burkhard akazitikisa. Yake ilicheza huku na huku kama jino la mtoto. Zile mbili zilitulia.

"Sasa meno. Pitisha tupa juu yake, taratibu."

Kwenye plaizi yake tupa iliuma, na unga wa chuma ukadondoka mezani. Kwenye zile mbili iliteleza tu, kama vile inapita juu ya kioo.

"Meno laini hayo," Tilda akasema. "Badala ya kuuma nati, yanaliwa na nati. Halafu yanateleza, na vidole vyako vinagonga ukuta. Hayo si makosa ya kidole."

Burkhard alikuwa ameinama, anaupapasa ule unga kwa kidole.

Tilda alilifunga bomba kwenye mguu wa meza. "Jaribio la mwisho. Shika bomba kwa plaizi, kisha sukuma mpini chini. Usibane. Narudia, usibane. Na tumia mkono wa kulia."

"Mkono wa kulia haufai."

"Nimekuuliza?"

Alianza na yake. Ikateleza mara moja. Akachukua ya pili. Hiyo iliuma bomba vizuri, lakini hatua za kurekebisha mdomo zilikuwa chache, kwa hiyo mipini ilibaki imeachana mno. Vidole vyake havikuizunguka. Akachukua ya tatu. Hii ilikuwa na kitufe. Ukikibonyeza, mdomo unasogea hatua ndogo ndogo mpaka unagusa bomba, na mipini inabaki karibu karibu. Mkono wake ukaishika bila taabu. Akasukuma.

Bomba halikuteleza. Iliyosogea ni meza. Vikombe vya kahawa niliyowaandalia vikalala na yote ikanimwagikia miguuni.

"Ee!" nikapiga kelele.

"Nyamaza kwanza," Burkhard akasema. "Wewe, mama Tilda, sijabana kabisa!"

"Ndiyo sifa ya plaizi nzuri. Meno yameelekezwa hivi kwamba ukisukuma, inajikaza yenyewe. Sasa igeuze upande wa pili, sukuma."

Akaigeuza. Ikaachia bomba.

"Umeona? Ina upande wake. Ukikosea upande, hata nzuri itakudhalilisha."

Aliirudia mara nne au tano. Kila mara meza ilisogea. Mimi nilisahau miguu yangu. Nilikuwa nakitazama kile kipande cha chuma na kujiuliza ni nani aliyekaa akakipima meno yake moja moja. Kweli, wapo watu wenye akili duniani.

"Bandua plasta," nikamwambia Tilda. "Tujue."

Akabandua. Ya pili ndiyo iliyotoka kiwanda chake mwenyewe. Ya tatu ilikuwa ya wapinzani wao, kutoka bonde la jirani.

"Hukuona haya kuileta?" Burkhard akamtania.

"Haya ya nini? Ya kwetu ni plaizi nzuri, na zimepita mikononi mwangu maelfu. Lakini hii ni nzuri zaidi. Waliitengeneza wakiufikiria mkono wa mtu." Akaifuta taratibu kwa aproni yake. "Chuma hakijui undugu, jirani."

Kabla ya kuondoka alitupa maelekezo. Weka washa mpya ya mpira kila mwaka. Kaza nati kwa mkono kwanza, kisha robo mzunguko tu kwa plaizi. Shaba ni laini, izungushie kitambaa ili meno yasiitafune.

Kesho yake Burkhard alikwenda duka la vifaa vya mafundi. Alizitikisa plaizi zote za rafuni mpaka muuzaji akamuuliza kama anatafuta kengele. Alirudi na moja, na nati mpya.

Jumamosi asubuhi alifunga mita peke yake. Alinikataza kusogea. Nilisimama mlangoni mwa banda nimeshika kifua.

Detmar akafika. Alizungusha karatasi ya chooni kwenye kila nati, kama afanyavyo siku zote, kisha akafungulia maji. Bomba likakohoa, likanyamaza. Tukasubiri. Aliibandua karatasi ya kwanza akaitazama juani. Kavu. Ya pili, kavu vilevile.

"Safi," akasema. "Lakini nimesikia mnaondoka. Wale wanaosubiri niwaambie nini?"

"Waambie wasubiri," Burkhard akasema. "Na wakitaka kujua hadi lini, waambie mke wangu ni mkaidi na mimi nimemzidi."

Detmar akacheka, akampa mkono wa kuaga. Tangu augue, Burkhard alikuwa akisalimiana na watu kwa mkono wa kushoto. Safari hii alitoa wa kulia.

"Aa, polepole, Halbach," Detmar akasema. "Unaniumiza."