Mlango Niliotia Ziwani

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema, usije ukahangaika kumtafuta mjinga katika habari hii. Ni mimi, Bonifasi, fundi seremala, mtu aliyetia mlango ziwani.

Cheka tu. Wenzako walicheka kabla yako.

Ilikuwa wakati wa Wadachi, yaani Wajerumani, hapa Rumonge. Zamani nilikuwa mpagazi. Nilibeba mizigo ya watu mpaka mabega yakaota sugu. Baadaye nikafika misheni, kule juu ya Usumbura. Mapadri wakanibatiza, wakanifundisha randa na msumeno. Halafu mfanyabiashara mmoja, Bwana Murshid, akaniita Rumonge nimtengenezee milango ya nyumba yake. Kazi ikaisha. Mimi na mke wangu Monika tukabaki.

Wakristo tulikuwa wawili tu upande ule wa ziwa. Majirani zetu walikuwa Waislamu, wavuvi na wakaushaji wa ndagala, yaani dagaa, watu wa salamu na wa mizaha. Misheni ilikuwa mbali, siku tatu za kupiga kasia. Jumapili mimi na Monika tuliketi kwenye mkeka, tukasali. Tukimaliza kusali, tulitazamana. Basi, ibada imekwisha.

Mbele ya nyumba yetu palikuwa na kichaka mpaka majini. Tulikifyeka mwezi mzima, tukapata mwalo mzuri, yaani mahali pa kuteka maji na kuegesha mtumbwi. Chini changarawe, juu jua, maji meupe. Watu wakapapenda. Wakaja asubuhi, wakaja jioni. Wengine waliacha magamba ya samaki. Wengine walivuruga maji kabla Monika hajateka.

Roho ikaniuma. Nikajiambia, "Mikono iliyopata malengelenge ni yangu. Kwa nini miguu iwe ya watu wote?"

Nikapanda uzio pande mbili, toka nyumbani mpaka majini. Nilichomeka vijiti vya miti inayochipua upesi, nikaacha matete yaote katikati. Mwisho nikatengeneza mlango wa mbao nzito, wenye komeo. Nikautia kwenye njia ya kuendea ziwani.

Jirani yangu Radjabu, mvuvi, akaja akasimama. Akautazama mlango. Akalitazama ziwa.

"Bonifasi," akasema, "samaki nao wakitaka kuingia wapige hodi?"

"Samaki wapite. Wewe ndiye upige hodi."

"Na usiku utalifunga ziwa lote, au kipande chako tu?"

Akaenda zake akicheka. Nilicheka pia, lakini mlango sikuufungua.

Kesho yake akaja Asiya, dada yake Radjabu. Asiya alikuwa mjane. Alikausha ndagala mchangani, na sehemu yake ya ufuko ilikuwa kichaka kitupu. Alikuwa na mtungi kichwani.

"Amahoro, Bonifasi."

"Amahoro, mama."

"Kwangu iko giza mchana, matete yamenizidi. Nipitie hapa kwako kidogo?"

"Mama Asiya, kila mtu afyeke kwake."

Akanitazama. Hakutukana. Aligeuka na mtungi wake mtupu, akashuka kwenye giza lake. Monika alikuwa nyuma yangu. Alisikia yote.

Jioni tulipokuwa tunakula, akaniuliza, "Unakumbuka padri alivyotusomea habari ya yule tajiri na Lazaro maskini?"

"Nakumbuka. Tajiri alikwenda motoni."

"Kwa kosa gani? Hakumpiga Lazaro. Hakumtukana. Alikuwa na mlango tu."

"Mimi si tajiri, Monika."

"Hapana. Una mlango tu."

Nilimega tonge. Nikamwambia ugali umeiva vizuri.

Miezi ikapita. Uzio ukaota kuliko nilivyotaka. Ukawa mrefu kunizidi, mzito, wenye kivuli. Njia ya kuja kwangu ikaota nyasi. Kule ng'ambo ya matete nilisikia watu wakicheka, wakiitana, wakigombania nafasi ya kuanika ndagala. Kwangu kulikuwa na sauti ya randa yangu tu. Wakati mwingine niliacha kazi nikasikiliza kicheko, nikajaribu kukisia nani amesema nini. Hilo ndilo lilikuwa kundi langu.

Radjabu peke yake hakuniacha. Kila siku alipotoka kwenye mtumbwi, alisimama nje ya uzio, kwenye kivuli, akanitania kupitia majani. Na Monika alifua nguo ndani ya uzio, kwenye kivuli hicho hicho. Nzi waliwauma. Walijipiga makofi, wakaendelea.

Kisha Radjabu akabadilika. Mzaha ukapungua. Kichwa kilimuuma, homa ikaja ikaondoka. Mchana alisinzia. Siku moja alilala na kasia mkononi, mtumbwi ukaenda wenyewe mpaka kwenye mawe. Watu wakasema amerogwa. Wakatafuta dawa huku, wakatafuta kule. Miezi mitatu ikapotea hivyo.

Ndipo akafika Abdulhamid. Alikuwa msaidizi wa daktari, mtu wa Ujiji. Daktari alikuwa na kambi ya wagonjwa kaskazini, na Abdulhamid alipita mwalo hadi mwalo kwa mashua kutafuta wagonjwa. Alivaa kanzu safi na alikuwa na vidole vyepesi. Kila mtu alimpapasa shingo.

"Unatafuta nini shingoni?" nikamuuliza.

"Tezi. Ugonjwa huu unaitwa malale. Mwanzoni mtu ana homa na kichwa, na tezi za nyuma ya shingo huvimba. Hapo akitibiwa, wengi hupona. Akichelewa, ugonjwa huingia kichwani. Hulala mchana, hukonda, hatambui watu. Hapo dawa huwa na kazi ngumu."

Alimpapasa Radjabu. Akamwambia Asiya, "Huyu apande mashuani leo."

"Amerogwa na nani?" Asiya akauliza.

"Na nzi, mama. Mbung'o. Anamwuma mgonjwa, halafu anakuja kumwuma mzima. Hakuna mtu mwingine wa kulaumu."

Hapo ilikuwa zamu ya Monika. Vidole vya Abdulhamid vikasimama nyuma ya shingo yake. Vikarudi tena pale pale.

"Unaumwa kichwa, dada?"

"Wiki mbili sasa. Na homa. Leo asubuhi miguu haikutaka kunibeba."

Nilicheka. Ndiyo, nilicheka, mtu mzima. "Bwana Abdulhamid, haiwezekani. Huyu hachoti maji kwenye vichaka. Sisi tuna mwalo wetu, safi kama sahani. Njoo uone."

Nikamfungulia mlango kwa majivuno. Abdulhamid akaingia. Changarawe hakuiangalia. Alikwenda moja kwa moja kwenye uzio wangu, penye kivuli, penye jiwe la kufulia. Akasimama kimya, mkono umetulia. Nzi mmoja akatua juu yake. Akamkamata kwa kitambaa, akanionyesha.

"Tazama mbawa. Zimelala moja juu ya nyingine, kama mkasi uliofungwa. Huyu ndiye. Anapenda kivuli karibu na maji. Anauma mchana. Jua kali halipendi." Akaugusa uzio. "Nani amepanda hii?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Hebu nijibu nini? Nilisema, "Kuzuia watu."

"Watu umewazuia. Nzi umemjengea nyumba. Yule mvuvi alikuwa anasimama wapi akija kwako?"

Nikamwonyesha mahali. Hatua tatu kutoka jiwe la kufulia. Katikati palikuwa na uzio wangu tu.

Mashua ya wagonjwa ilingoja mdomoni mwa mto, mwendo mrefu mchangani. Monika alijaribu kusimama, akaketi tena. Mtu mmoja hawezi kubeba machela. Mimi niliyebeba mizigo ya watu mpaka bara, leo mke wangu nilishindwa kumbeba hatua hamsini. Nilimweka chini. Nikatazama huku na huku. Nani nimwite? Nilikuwa nimemwambia kila mtu afyeke kwake. Basi kila mtu abebe wake.

Nikasikia miguu. Asiya alikuwa amekuja na wanaume watatu, wavuvi. Alikuwa amekwisha kumpeleka kaka yake mashuani. Macho yalikuwa mekundu.

"Machela iko wapi?" akauliza.

"Sina."

Akatazama huku na huku, akauona mlango. "Mlango huu unatoka namna gani?"

Niling'oa bawaba kwa mikono yangu. Tukaulaza mlango chini, tukatandika mkeka, tukamlaza Monika juu yake. Watu wanne tukabeba, kila mtu pembe yake. Uzito ulikuwa mkubwa, kwa sababu mbao nilichagua nzito, ili watu wasiuvunje. Asiya alitembea kando, amemfunika Monika uso kwa kanga yake, jua lisimchome. Hakuna aliyenisuta. Afadhali wangenisuta.

Mashua ikaondoka na Radjabu, na Monika, na mlango wangu.

Abdulhamid alituachia maneno haya kabla ya kupanda: "Fyekeni toka ukingo wa maji kwenda juu, hatua mia. Ng'oeni visiki, chomeni majani. Mkifyeka kwa mtu mmoja mkaacha kwa mwingine, mmefanya bure, nzi anaruka. Tekeni maji na mfue penye jua. Na kichaka kinaota tena, kwa hiyo mrudie kila baada ya mvua. Mtu akipata homa isiyokwisha, apapaswe shingo mapema. Msingoje alale."

Usiku ule sikuelezi. Nyumba ilikuwa kimya mpaka nilisikia mchwa wakila mbao zangu.

Asubuhi nilichukua panga nikaanza na uzio. Siku nne nilikata peke yangu. Nilikuwa nimeupanda kwa siku mbili, ukanichukua nne kuuondoa, na visiki ndivyo vilivyonitoa jasho. Siku ya tano nilikwenda kwa majirani, nyumba kwa nyumba. Kusema ilikuwa kazi kuliko kukata.

"Njooni mteke kwangu. Penye jua. Hakuna mlango."

Wengine walinitazama kama mtu mwenye malale. Lakini wakaja. Magamba ya samaki yakarudi, matope yakarudi, kelele zikarudi. Nilikaa na randa yangu, nikawasikia kwa karibu. Bado nilikuwa mpweke. Lakini upweke wa mtu anayesikia "amahoro" mara kumi asubuhi si sawa na ule wa kwanza. Jumapili nilisali peke yangu kwenye mkeka wa watu wawili. Nilimwomba Mungu anirudishie Monika, na anipe moyo usio na komeo.

Baada ya miezi miwili habari ikaja. Radjabu amefariki kambini. Alikuwa amechelewa. Nilikwenda kwa Asiya, nikaketi nje na wanaume. Mpaka leo, nikimaliza kazi jioni, sikio langu hungoja mtu anitanie kupitia majani. Majani hayapo. Naye hayupo.

Baada ya miezi saba mashua ikamleta Monika. Alikuwa mwembamba, amechomwa sindano nyingi, macho yake hayaoni mbali kama zamani. Lakini alishuka kwa miguu yake. Alipona kwa sababu shingo yake ilipapaswa mapema.

Leo ukipita ufuko wetu huoni kichaka toka kwangu mpaka mwisho. Tunafyeka pamoja kila mvua zikiisha, na tangu hapo mashua ya wagonjwa haikumchukua mtu mwingine kwetu. Lakini usidhani nilifika huko kwa akili yangu. Nilisukumwa.

Ilikuwa siku hiyo hiyo ya Monika kurudi. Watu walijaa mwaloni. Mimi na majirani tulikuwa tumefyeka sehemu nyingi, lakini kwa Asiya, pale mwisho, matete bado yalisimama. Mara mbili alikuwa ameniomba nimsaidie. Mara mbili nilimwambia mgongo unauma. Siku hiyo akaomba mara ya tatu, mbele za watu.

Nami, kwa furaha ya kumpata mke wangu, nikajisahau. Nikasema kwa sauti, "Mama Asiya, kwani mimi sijatoa? Mwalo nimetoa. Uzio nimetoa. Hata mlango nimetoa! Mkristo mmoja atoe mara ngapi? Hata asante sijasikia."

Monika akainamisha uso. Asiya akautua mtungi wake polepole, ukiwa umejaa.

"Bonifasi," akasema, "ziwa tulikuwa nalo kabla hujaja. Wewe hujatupa kitu. Umeacha kutunyima, basi. Kutoa utaanza kesho asubuhi, kule kwangu kwenye matete. Uje na panga lako."