Nyani wa Milima ya Nyamurhale

Mwaka wa 1999, Emérence na mume wake Zagabe walilima mahindi chini ya milima ya Nyamurhale, safari ya mguu kutoka Bukavu. Vita ilikuwa imesogea mbali kidogo. Watu walianza kucheka tena.

Lakini nyani walishuka kutoka msituni. Walivunja mahindi, wakala nusu, nusu wakatupa.

"Wanatuachia maganda tu," Emérence alisema. "Watoto watakula nini?"

Zagabe alikasirika, akamwita askari mmoja aje na bunduki.

"Papa Zagabe, usilete bunduki hapa," Emérence alimwambia. Hakumsikia.

Askari alipiga risasi moja. Nyani wakakimbia. Lo! Kijiji kizima nacho kikakimbia, kikidhani vita imerudi. Jirani yao Marcelline alishuka bondeni na godoro kichwani na kuku kwapani.

"Murudi! Ni nyani tu!" Emérence alipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Nyani walirudi kabla ya watu.

Kesho yake alikuja Agathe, mwalimu wa jiografia ambaye shule yake ilifungwa kwa sababu ya vita.

"Maman Emérence, angalia mulima," alisema. "Kule juu iko mianzi. Katikati iko msitu, na mito inatoka pale. Nyani alikuwa anakula matunda ya ule msitu. Sisi tukakata miti, tukachoma makala ya kupikia. Sasa anakuja kutafuta kwako."

"Basi tumuue?"

"Ukiua mumoja, wengine watakuja. Mupande pilipili pembeni ya msitu, na mahindi karibu na nyumba. Katikati muache uwanja mutupu. Nyani anaogopa kupita pahali anaonekana. Na miti ya matunda, muipande tena."

"Pilipili shamba nzima?" Zagabe aliguna. "Nani atakula?"

"Bukavu yote!" Emérence alijibu.

Walipanda. Pilipili zilipoiva, nyani dume mkubwa alishuka, akang'ata moja. Alipiga chafya. Akafuta mdomo kwenye majani, akapiga kelele, akapanda mlima mbio na wenzake nyuma. Zagabe alicheka mpaka akakaa chini.

Vita haikuwa imeisha. Lakini msimu ule watoto walichoma mahindi mabichi, na Emérence akawaita majirani wote waliokimbizwa na ile risasi. Marcelline alikula, akashiba, akapangusa mikono.

"Sasa," alisema, "munipe mbegu ya pilipili."