Nukta Mbili kwenye Darubini ya Babu

Kila Jumamosi asubuhi, babu yake, Sjoerd, akichemsha kahawa, msichana Wytske alifuta vumbi kwenye darubini. Hiyo ilikuwa kazi yake tangu yeye na mama yake walipohamia kwa babu huyo mjini Franeker, Uholanzi, na hakuna aliyethubutu kumpokonya kitambaa. Alikuwa na miaka kumi na miwili tu, lakini kwa ubishi hakuwa na mfano.

Jumamosi hii alifuta kinyonge. Majuma mawili nyuma aliibeba darubini kwenda bustanini bila ruhusa, akaibamiza mlangoni. Lenzi haikuvunjika, kwa hiyo akanyamaza. Tangu hapo kila nyota ilionekana na mkia, na Babu akaamini kwamba macho yake yanakufa.

"Nampa Folkert," alisema Babu. "Anakuja kuichukua sasa hivi. Darubini ya nini kwa kipofu?"

"Wewe si kipofu!" Wytske alifoka.

"Nyota hazina mikia, mjukuu wangu. Mimi naiona."

Wytske aliuma mdomo. Alikuwa amejaribu kuitengeneza kwa siri. Fremu ya lenzi ilishikwa na jozi tatu za skrubu, katika kila jozi moja ikisukuma na nyingine ikivuta. Yeye alikaza tu bila kulegeza, na mikia ikazidi kurefuka.

Folkert, jirani yao, aliingia akapewa kahawa na biskuti moja. Kisha Babu akafunga kibati cha biskuti, maana kwa desturi yao kila mtu hula moja tu. Folkert alipomaliza alisimama aibebe darubini. Wytske akaziba mlango.

"Haitoki!"

"Ala! Utanipiga kwa hicho kitambaa?" Folkert alicheka.

"Iguse uone!"

"Wytske!" Babu alikemea. "Muombe mzee radhi."

"Siombi! Macho yako ni mazima, Babu. Mimi ndiye niliyeibamiza hiyo darubini mlangoni! Nikaogopa, nikakuacha uamini unapofuka." Machozi yalimtoka, lakini kidevu hakikushuka.

Maneno hayo yalimuuma Babu. Uso wake haukuficha.

"Lete bisibisi," alisema mwishowe.

Walilaza darubini juu ya meza ya jikoni, wakaiacha lenzi ikiwa na kifuniko chake. Mahali pa kutazamia Babu alichomeka bomba fupi lenye tundu dogo, akamulika tochi ubavuni mwa bomba hilo ili mwanga uigonge lenzi na kurudi.

"Chungulia. Unaona nini?"

"Nukta mbili za mwanga. Zimeachana."

Babu naye akachungulia. "Mbili," alisema taratibu. "Hata mimi naona mbili."

"Si nilikwambia!"

"Lenzi imekaa upande. Zikilaliana zikawa moja, imenyooka. Nipe bisibisi."

"Sikupi. Nimeiharibu mwenyewe, nitaitengeneza mwenyewe."

"Haya, mbishi. Legeza kwanza, ndipo ukaze upande wa pili. Kidogo kidogo."

Alikosea, akarudia, akakosea tena. Folkert alishauri waipeleke kwa fundi, akaambiwa na msichana ajimiminie kahawa nyingine. Kahawa yote ilikwisha ndipo nukta mbili zikawa moja, na Folkert akaenda zake mikono mitupu.

Jioni, giza lilipoingia mapema kama kawaida ya Januari, waliipeleka bustanini wakiibeba wawili. Babu aliinamia darubini, akakaa hapo mpaka Wytske akashindwa kuvumilia.

"Ina mkia?"

"Haina," alisema Babu, bado ameinama. "Haina kabisa, mwanangu."

Waliporudi jikoni alimketisha mbele yake.

"Ubishi wako usiuache, utakufaa. Lakini siku ile ulipaswa kuubishia woga wako, si kungoja leo umbishie Folkert. Darubini tumeinyoosha kwa bisibisi. Majuma mawili niliyoyalilia macho yangu huwezi kunirudishia. Ukiharibu kitu, sema siku hiyo hiyo."

"Nitasema, Babu. Nisamehe."

Babu alifungua kibati, akamsogezea.

"Lakini asubuhi nilishakula moja," alisema Wytske.

"Kula ya pili. Na Folkert akiuliza, mwambie kweli kwamba umekula mbili."