Zamu ya Msumari

Jumatatu saa nne asubuhi, soko la vifaa vya umeme limefurika, kila kibanda kimefungulia redio yake, ndipo kijana mmoja aliyenyoa panki iliyosimama kama mswaki alipopenya katikati ya watu na kutua amplifaya kwenye meza ya Fundi.

"Dada, hii imekufa."

"Iache. Njoo wiki ijayo."

"Sitaki unitengenezee. Nataka unionyeshe, nitengeneze mwenyewe."

Fundi aliinua macho. Miaka kumi na moja kwenye kibanda kile, chuma cha kulehemu mkononi, na bado wanaume walikuwa wakimtazama na kumuuliza, "Fundi mwenyewe yuko wapi?" Huyu hakuuliza. Alikuwa amevaa jaketi la ngozi lililojaa misumari mabegani, na suruali iliyochanika magotini na kushikizwa kwa pini.

"Kwani wewe nani?"

"Wananiita Msumari. Naimba. Sisi wa muziki wa panki hatuna wa kutufanyia, kila mtu anafanya mwenyewe."

"Haya, bwana wa kufanya mwenyewe, shika hapa. Si hapo, utaungua!"

Akaungua. Akapuliza kidole, akacheka mpaka jirani wa kibanda cha pili naye akacheka. Siku tatu baadaye alirudi na amplifaya nzima kabisa, kisingizio ni kwamba amekuja kushukuru.

Simu zikaanza.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula."

"Mimi sijala. Nakuwaza wewe."

"Basi endelea kuwaza, tuone kama utanenepa."

Msumari alimpeleka Ghala, ukumbi wao wa muziki. Lilikuwa ghala la matairi zamani. Yeye na wenzake walilikodi, wakapaka kuta rangi wenyewe, wakajenga jukwaa wenyewe, na kila Jumamosi mchana walipiga muziki wao humo. Mlangoni waliandika kwa herufi kubwa: HAPA HAKUNA BOSI. HAPA HAKUNA MTUMISHI. ANAYEANGUKA ANAINULIWA. Muziki wenyewe, kusema kweli, ulimpa Fundi maumivu ya kichwa. Kilichomteka ni karatasi ndefu iliyobandikwa karibu na mlango, orodha ya zamu: nani anasugua choo, nani anapiga deki, nani anaosha vikombe. Mwanasheria alikuwemo, muuza mitumba alikuwemo, na Msumari alikuwemo.

Msimcheke kwa kupenda karatasi. Fundi alikulia kwenye nyumba ya kaka watano waliokula wameketi, yeye akila amesimama mlangoni mwa jikoni, sikio likingoja nani ataita maji. Aliapa hataolewa kwenye nyumba kama ile, hata akizeekea kibandani.

Kwa hiyo mwezi wa saba, Msumari aliposema, "Tuoane, Fundi. Sitafuti mtumishi, natafuta mwenzangu," moyo wake ulishakubali. Aliomba mpaka Jumamosi, amtoe jasho kidogo tu.

Alhamisi Msumari alialikwa kuhojiwa redioni saa sita mchana. Fundi alikuwa na spika ya kurekebisha kule Ghala, akabeba redio yake ndogo, amsikilize huku anafanya kazi. Akapita chooni kunawa mikono. Akafungua mlango.

Ndani, Kitinda, mdogo wake Msumari, msichana wa chuo, alikuwa amepiga magoti sakafuni, brashi mkononi, madaftari ameyabana kwapani yasilowe.

"Kitinda! Leo si zamu ya kaka yako?"

"Ndiyo, wifi. Namshikia."

"Umeshamshikia mara ngapi?"

Msichana aliendelea kusugua. "Tangu orodha ibandikwe. Huwa nakuja mapema, kabla watu hawajafika. Leo nimechelewa kwa sababu nilikuwa nasoma. Nina mtihani saa sita na nusu."

Redio, pale Fundi alipoiweka juu ya ndoo, ikasema kwa sauti nzito ya Msumari, ile aliyoipenda: "Ndugu mtangazaji, panki si nywele. Panki ni kukataa mtu kumtumikisha mtu. Ukiona uchafu, usingoje mwingine. Safisha mwenyewe!"

"Ala!" Fundi aliropoka. Damu ilimchemka mpaka masikioni. Alimnyang'anya msichana brashi. "Nenda kwenye mtihani. Kimbia!"

Kitinda alikimbia, akakuta mlango wa chumba cha mtihani umeshafungwa. Mtihani wake ukasogezwa mpaka muhula ujao. Brashi Fundi hakuigusa tena. Aliiacha katikati ya choo, na mahojiano yalipokwisha akampigia Msumari simu.

"Mpenzi! Umenisikia?"

"Nimekusikia. Na dada yako amekusikia pia, amepiga magoti anasugua choo chako."

"Aa, Kitinda? Yule hana neno. Anapenda kunisaidia."

"Ulimuuliza?"

"Jamani, Fundi, ni mdogo wangu. Nyumbani ndivyo tulivyozoea..."

"Nyumbani! Matajiri umewaimba, polisi umewaimba, kumbe bosi mkubwa yuko kwenu na ni wewe! Mganga hajigangi!"

"Yaani unavunja mapenzi kwa sababu ya choo?"

"Kwa sababu ya choo, ndiyo! Nimelelewa na kaka watano wa aina yako, Msumari. Lakini wale angalau hawakuimba."

Akakata simu.

Jumamosi alikwenda Ghala kwa sababu kazi ni kazi, spika zilikuwa jukumu lake. Katikati ya wimbo Msumari alinyamazisha ngoma, akapiga magoti jukwaani. "Kuna mwanamke humu ndani nimemkosea," akasema kwenye kipaza sauti. "Fundi wangu, mbele ya watu wote hawa..."

"Msamehe! Msamehe!" umati ukapiga kelele. Macho mia mbili yakamgeukia.

Loo, hasira iliyompanda pale! Ya chooni ilikuwa cha mtoto. Amkosee faraghani, kisha amwombe radhi kwa kumzungushia umati, asiwe na pa kukataa? Na Kitinda, aliyekosewa hasa, hata jina lake halijatajwa! Fundi aliinama, akachomoa waya. Msumari akaendelea kufungua na kufumba mdomo, sauti hakuna. Akachukua mkoba wake, akaondoka.

Wiki tano hakupokea simu. Asidanganye mtu kwamba hazikumuuma. Kuna mchana alilehemu waya mahali si pake, mara mbili, kwa sababu mtu alipita sokoni na jaketi la ngozi. Alimpenda yule mpumbavu. Hasira haikuyaua mapenzi, iliyakalisha chini tu.

Ndipo Kitinda alipokuja kibandani, amekonda, anacheka.

"Wifi, mrudie kaka. Tutakufa kwa njaa."

"Kwa nini?"

"Anapika yeye. Alikwenda chuoni kunitetea kuhusu ule mtihani, wakamkatalia. Tangu siku hiyo anapika, anafua, anapiga deki. Hajamwambia mtu, hata Ghala hawajui. Nami ameniomba radhi jikoni, peke yetu. Mama analia tu. Anasema umemloga."

"Nimemloga!" Fundi alitupa koleo mezani. "Mwanamke aoshe sufuria miaka thelathini, hakuna anayeuliza nani kamloga. Mwanaume aoshe moja, watu watafute mganga!"

Jumapili mchana alikwenda kwao Msumari. Akasimama mlangoni mwa jikoni. Msumari alikuwa kwenye beseni la vyombo, panki yake imelala kwa mvuke, na mama yake amekamata sufuria upande wa pili, anavuta.

"Lete hapa! Nikiwa hai mimi, mwanangu wa kiume aoshe vyombo? Majirani waseme nini?" Akamwona mgeni. "Umekuja kuangalia kazi yako?"

"Shikamoo, mama," Fundi akasema. Maneno mengine yalijaa mdomoni, akayameza. Vita hii haikuwa yake. Akamtazama Msumari, na akajua kwamba akiiachia sufuria ile, wamekwisha.

Msumari hakuiachia. "Mama," akasema taratibu, "lini mara ya mwisho ulikula chakula kikiwa moto?"

"Mimi? Mimi nakula mkishamaliza."

"Basi kaa."

Akafuta mikono, akavuta kiti, akapakua maharage. Mama alikaa ukingoni kama mgeni. Mara mbili alitaka kuinuka, mara mbili Kitinda, aliyesimama nyuma yake, akamshika bega. Mikono akaiweka mezani, akaitoa, akaiweka mapajani. Hatimaye akaonja.

"Chumvi imezidi," akasema, na machozi yakamtoka. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Fundi akasogea kwenye beseni. "Leo yako," akamwambia Msumari. "Kesho yangu. Keshokutwa yako. Hivyo hivyo mpaka tuzeeke."

Msumari akabaki amesimama, povu likimchuruzika viwikoni.

"Kaka, umekubaliwa, mjinga wewe!" Kitinda akapiga kelele.

Walicheka, wakakumbatiana na povu lao. Mama akawatazama kwa muda. "Na mimi?" akauliza, kama mtu aliyesahauliwa. "Zamu yangu lini?"



"Wewe, mama," Msumari akasema, "zamu zako ulishazimaliza zamani."

Mama akatazama sahani yake. Kisha akaisukuma mbele kwa kidole, akaomba aongezewe.