Fundo la Akinyi

"Mzee Nashoni, hapa kila mtu anauza kwa mifuko! Nani amekuambia hii ni yangu?"

"Ng'ombe wangu ndiye aliyeniambia!"

Mama Akinyi alisimama mbele ya sufuria lake la uji, mikono kiunoni. Kila Jumamosi yeye na binti yake waliuza uji wa ulezi kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, nje kidogo ya Nyamwaga. Akinyi alimimina uji kwenye vifuko vya plastiki na kuvifunga. Mchimbaji alishuka na kifuko chake shimoni, akang'ata kona, akafyonza, kisha akakitupa. Jioni ng'ombe waliopita waliramba utamu uliobaki, na wengine walimeza kifuko chote.

Mzee Nashoni aliinamisha ndoo yake. Bonge la plastiki likaanguka chini.

"Jana daktari wa mifugo alimpasua tumbo mtamba wangu. Akatoa bonge hili. Angechelewa, leo ningekuwa nachuna ngozi."

Akinyi aliinama kutazama. Mjomba wake mvuvi ndiye aliyemfundisha kufunga: kuzungusha mara mbili, kisha kupitisha ncha chini. Wachimbaji walimsifu kwamba uji wa Akinyi haumwagiki. Sasa mafundo yale yale yalikuwa miguuni pake.

Alijua kwamba akisema kweli, biashara ya mama yake ingeyumba. Alijua pia kwamba Mzee Nashoni alikuwa na ng'ombe wengine ambao wangeweza kumeza vifuko hivyo.

"Mama, hili ni fundo langu."

"Loo! Binti amemuuza mama yake!" Kornelio, mchimbaji mmoja, alicheka.

Mama alimtazama binti yake, kisha akalitazama lile bonge. "Basi mifuko ni yangu," alisema. "Mzee Nashoni, nimekujibu vibaya. Nisamehe. Mtamba anaendeleaje?"

"Ameanza kula, mama," mzee alijibu, sauti ikiwa imeshuka.

"Kuanzia sasa siuzi kwa mifuko."

"Na sisi tulio chini tutakunywaje?" Kornelio aliuliza. "Utatumiminia kwenye kofia?"

"Kofia yako hata mbuzi angeikataa," Mama alimjibu. Wachimbaji wakaangua kicheko.

Akinyi alikuwa tayari ameshika kidumu ambacho wachimbaji walishushia maji ya kunywa. "Tujaze uji humu, tufunge mfuniko, tushushe kwa kamba. Kila mtu ashuke na kikombe chake. Kidumu kikiisha kitapanda, na Jumamosi ijayo tutakijaza tena."

"Na fundo likifunguka, uji unimwagikie kichwani?"

"Muulize Mzee Nashoni kama mafundo yangu hufunguka."

Mzee alijaribu kununa, akashindwa. "Hata tumboni mwa ng'ombe hayakufunguka!" alisema, akicheka mpaka akafuta macho.

Mama alisuuza kidumu kwa maji ya moto, akakijaza. Akinyi akafunga kamba kwenye mkono wa kidumu: mara mbili, ncha chini. Kidumu kikashuka polepole gizani.

"Kimefika!" sauti ilipaa kutoka chini.

"Sikiliza, mwanangu," Mama alisema, akimkabidhi gunia tupu. "Kitu cha kutupa hakiishi pale unapokitupa. Kitakwenda kwa mtu mwingine, na huyo mtu ana jina. Leo umekuwa na akili kuliko mimi, na najivunia. Haya, shika upande huo."

Mama na binti wakainama pamoja, wakaanza kuokota vifuko kuzunguka shimo.