Globu ya Kinuni kwa Mzee Chome

Mzee Chome alikutwa amekufa, chali kando ya kinu chake cha unga, pale Msambweni, saa nne asubuhi. Kisanduku cha nyaya kilikuwa wazi. Swichi kuu ilikuwa imezimwa. Ncha za vidole vyake, kulia na kushoto, zilikuwa zimeungua.

Inspekta Rai alisimama mlangoni, harufu ya unga moto ikamjia. Utotoni alitumwa papa hapa na mamake, debe kichwani. Kinu kilikuwa cha dizeli wakati huo, na mlio wake ulifika mpaka shambani. Mwaka jana, 1997, Mzee alinunua mota ya fezi tatu iliyotumika hotelini Diani. Stima ya nyumbani ni fezi moja, haitoshi kuianzisha peke yake.

"Fundi ni wewe?"

"Ni mimi, afande." Johnstone alikuwa na pingu mikononi. Majirani walitaka afungwe.

"Swichi imezimwa. Mzee ameuawa na nini?"

"Kapasita. Mota hii haianzi bila kusukumwa, na kapasita ndiyo huisukuma. Halafu hubaki na stima tumboni, hata ukizima. Nilifunga globu hapo iimalize."

"Globu i wapi?"

Johnstone aliinua macho. "Haki ya Mungu, niliiweka!"

"Nyinyi wa bara kwa kuapa!" jirani mmoja akamcheka.

Rai alipanda kigoda. Kila kitu kilikuwa cheupe kwa unga, ila mdomo wa holda ya globu. Globu ilikuwa imetolewa juzijuzi tu.

Akavuka ua, akaingia kwa mjane, Bi Mbodze.

"Shikamoo, mama. Pole kwa msiba."

"Marahaba, mwanangu."

Juu ya meza ya madaftari ilining'inia globu, shingo ina unga.

"Hii mmeipata wapi?"



"Nimeitoa mimi, jana jioni. Yaani kinu kikianza inamulika mara moja, basi, kutwa haina kazi. Yetu imeungua, na binti yetu Yusra ana mtihani wa darasa la nane."

"Hukumwuliza fundi?"

"Kwani taa nayo huulizwa?"

"Mama, kitu usichojua kazi yake hakiguswi."

"Sasa najua."

"Na mbona kijana wa watu umemwacha akatiwa pingu?"

Alijifuta uso kwa leso. "Nilimwogopea Yusra. Asijue ni globu aliyosomea jana iliyomwondoa babake."

Rai aligeuka aende kumfungua Johnstone. Yusra alikuwa mlangoni, na sare yake ya shule, amesikia yote.